Sakafu ya Moto na Miguu ya Mzee Wangu

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alipoungua mguu, rejeta ilikuwa vuguvugu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza, na hivyo ndivyo nilivyoamini mwenyewe tangu Januari mpaka katikati ya Machi.

Rejeta ninayosema si ya gari. Nyumba ya mwanangu hapa Toronto ni ya zamani, ya matofali mekundu, na kila chumba kilikuwa na dude la chuma lenye mbavu nene, limesimama chini ya dirisha. Huko chini kabisa ya nyumba kuna boila inayochemsha maji. Maji yanapanda kwa mabomba, yanaingia kwenye zile mbavu, chuma kinashika moto na chumba kinapata joto. Mara ya kwanza kuliona nilidhani ni kitu cha kuanikia nguo, na kweli nikakianikia. Nyumba mpya za Pickering, mji wa jirani, hazina madude hayo, zinapuliza hewa ya moto kwenye vitundu vya sakafuni. Hewa ile ilimpa mzee kikohozi siku tatu tulizokuwa wageni huko, ndiyo maana mwanangu alipotafuta nyumba alitafuta ya maji.

Chumba chetu kiko chini, mkabala na jiko, kwa sababu ngazi tumeziacha kwa vijana. Tulikipanga tulivyozoea. Kitanda upande mmoja, na upande wa dirishani jamvi, juu ya jamvi zulia, juu ya zulia godoro la inchi sita limevikwa shuka, na mito ya sufi ya kuegemea. Hapo ndipo mzee alipokuwa akishinda. Ijumaa watu wa msikitini wakija wanavua viatu vyao vyenye chumvi ya barabarani pale mlangoni, wanakaa naye chini, kahawa inapita. Kiti alikuwa hakitaki. Kiti, anasema, ni cha kungojea daktari.

Ana kisukari huu mwaka wa ishirini. Miaka minne nyuma miguu ilianza kufa ganzi, kwanza vidole, halafu nyayo. Mjukuu wetu mkubwa, msichana wa chuo kikuu, alimtekenya siku moja kwa unyoya, naye mzee akaendelea kusoma simu yake.

"Mke wangu," akamwambia, maana babu na mjukuu wa kike kwetu wana utani huo, "ukitaka nicheke nichekeshe kwa maneno. Huko chini wameshahama wote."

Daktari wake alituambia kwamba mtu asiyesikia moto miguuni asiweke mguu mahali popote mpaka mwingine apime kwanza. Aliposema hivyo wote waligeuka kunitazama mimi. Nani tena? Nilianza kupikia shughuli Tanga kabla sijazaa. Harusi, maulidi, matanga, chapati mia tatu kabla ya adhuhuri, nazigeuza juu ya chuma kwa vidole kwa sababu mwiko unachelewesha. Shule niliishia darasa la nne, lakini katika familia hii mambo ya moto ni yangu. Uji wa mtoto umepoa? Naitwa. Mafuta yameshika? Naitwa. Wajukuu wote maji yao ya kwanza ya kuoga niliyapima mimi, kwa kiwiko, kama mama yangu alivyonionyesha.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali, theluji ya juzi imegeuka jiwe. Mzee ametoka kuswali adhuhuri, soksi zimelowa kwa udhu, amezivua. Amesogeza mto karibu na rejeta.

"Bibi wee," akaniita, "hebu njoo uweke mkono hapa. Pana moto?"

Nikatoka jikoni na unga mikononi. Nikaweka kiganja juu ya chuma, nikakiacha hapo huku namuuliza kama atakula sasa au baadaye.

"Vuguvugu tu," nikasema. "Weka."

Akaweka visigino vyote viwili juu ya ubavu wa chini, akaegemea, akasinzia. Nikarudi kwenye chapati zangu.

Alasiri alipoamka kwenda kutawadha ndipo nilipoona kwenye kisigino cha kulia lengelenge kubwa kama ndimu.

"Nini hii?"

"Nini?" akasema, na akainama kuutazama mguu kama vile ni wa jirani.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Aliuosha, akaufunga, kesho yake tukaenda kwa daktari. Ikawa bandeji kila baada ya siku moja kwa wiki nyingi. Daktari alisema maneno marefu. Mwanangu akatutafsiria kwamba kidonda kitapona, tushukuru. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake kinakatikakatika lakini hafichi kitu, akatuambia kipande ambacho baba yake alikiruka: kisigino hiki kimeokoka, kikija kingine kama hiki, daktari haahidi kwamba mguu utabaki.

Mimi nikaeleza. Nikasema rejeta haikuwa na moto, niliishika kwa mkono wangu, ila sukari imeiharibu ngozi yake kiasi kwamba hata vuguvugu inamuunguza. Wote walikubali. Mimi ndiye ninayejua moto.

Kidonda kilipoanza kufunga, mwanangu alikuja chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amekwisha kuweka masanduku ya nguo mbele ya rejeta, chumba kikawa baridi, mzee anavaa makoti mawili ndani ya nyumba.

"Mama, dude hili litoke," akasema. "Tupitishe mabomba chini ya sakafu. Chumba kizima kiwe na joto kidogo kidogo, pasiwe na mahali pa moto."

"Pasiwe na mahali pa moto, au kila mahali pawe moto?"

"Mama."

"Nakuuliza. Rejeta iko ukutani. Ukiiogopa unasogea. Sakafu ukiiogopa unasogea uende wapi, darini? Baba yako huyu anakaa chini, anakula chini, anaegemea chini. Unataka kumweka juu ya kikaango?"

"Kikaango changu kitakuwa na nafasi," mzee akasema. "Si kama hapa, napigwa na upepo wa dirisha." Halafu akaona hasemi anachotaka. "Sikilizeni. Ijengeeni rejeta sanduku la mbao lenye matundu, joto litoke, mguu usifike. Yaishe. Godoro langu libaki lilipo."

Mimi pia moyo wangu ulikuwa kwenye hilo sanduku. Mwanangu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nitaleta fundi atueleze yote mawili. Halafu Mama ndiye atakayesema. Anayekaa naye kutwa ni yeye."

Likawa juu yangu. Nilikuwa nikimwangalia mzee anavyovuta mguu kwenda msalani, najiambia nikikosea hapa nitakuwa nimemkata mguu mimi.

Fundi alikuja Jumamosi. Mtu mzima, nywele nyeupe, suruali imepigwa pasi. Baadaye nilijua kwamba kazi wanaifanya binti zake, yeye huenda kutazama tu na kusema. Alipiga magoti mbele ya rejeta na tochi, magoti yakalia.

"Huyu naye," nikamwambia mzee, "magoti yanalia kama mlango wa choo. Akiingia chini ya sakafu atatoka lini?"

"Nitatoka kabla ya chai kupoa, mama," fundi akajibu, bila kugeuka.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikajifunika uso kwa upande wa kanga.

Alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, kazaliwa Tanga. Nikamuuliza baba yake nani, akanitajia. Nikamwambia baba yake alikuwa na cherehani mbili, mlango wa duka wa buluu, alikuwa akishona sare za shule na akimkosea mtoto kipimo anamwambia kua haraka. Akasimama na tochi yake inawaka. Nikamtajia ndugu zake wote sita kwa majina, kuanzia kaka mkubwa aliyekuwa na pengo, mpaka kitinda mimba aliyepelekwa Nairobi kwa masista. Hapa siyaandiki, kwa sababu jina la mtu lina mwenyewe, lakini ninayo yote. Wa nne nikamtajia na jina alilokuwa akiitwa nyumbani.

Fundi akakaa juu ya godoro la mzee. "Hilo la nyumbani," akasema taratibu, "mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau."

Mwanangu akatazama saa. Fundi akarudi kazini kwake.

Alituambia hivi. Maji ya rejeta ni maji ambayo ukitia mkono unautoa mbio. Lazima yawe hivyo, kwa sababu chuma ni kidogo na chumba ni kikubwa. Maji ya sakafuni ni ya kuogea mtoto, hayahitaji zaidi, kwa sababu sakafu ni kubwa kama chumba chenyewe. Hata ukiyasahau siku nzima, hayawezi kupanda, kwa maana anaweka kizuizi huko huko kwenye boila. Ila sakafu ni nzito, si kama rejeta unayofungua na kuisikia sasa hivi. Inataka nusu siku kupata joto na nusu siku kupoa.

"Basi hilo hilo," mwanangu akasema.

"Ngoja, bwana. Hii yote," fundi akapiga godoro kwa kiganja, akainua pembe ya zulia, akaona jamvi, "hii yote haiwezi kukaa juu ya sakafu yenye bomba. Joto halipiti. Chini kwenye godoro litajikusanya, mzee anakaa papo hapo masaa sita, saba, na mguu hausikii. Juu kwenye chumba baridi, chini jasho. Ukitaka sakafu, sakafu iwe wazi."

"Na mimi nikae wapi?" mzee akauliza.

"Kiti, mzee wangu."

"Na lile sanduku la mbao?"

"Sanduku nalo linafaa. Nimewajengea wengi. Moto utakuwa ule ule, umefichwa tu. Sanduku lina mlango wa kusafishia vumbi. Mkilichagua, pawe na mtu wa kuangalia kila siku kama mbao imeshika moto kupita kiasi, kama mlango umefungwa. Nani anapima mambo haya hapa?"

"Mama," mwanangu na mjukuu wangu wakasema pamoja.

Nilikuwa nimetoka kumimina chai. Kwetu chai ya mgeni ni kwenye bilauri, aione rangi yake. Nikaitoa jikoni imejaa, nimeishika katikati, nikampa fundi mkononi. Aliipokea, akaruka, akaitua kwenye kizingiti cha dirisha kwa haraka na nusu ikamwagika.

"Mama! Unanipa kaa la moto!" Akawa anapuliza vidole, anacheka. "Tanga mlikuwa mnatupatia bilauri na kisahani chake."

"Chai ya moto hiyo?" nikasema. Nikaichukua pale dirishani, nikaizungushia kiganja chote, nikasimama nayo, namngojea fundi apoe.

Mjukuu wangu alikuwa akitazama mkono wangu.

"Bibi," akasema, "wewe husikii?"

"Nisikie nini?"

Akaja akagusa bilauri kwa ncha ya kidole, upesi, akaondoa. Nikaitua chai. Nikasogeza moja ya yale masanduku ya nguo yaliyokuwa mbele ya rejeta, nikaweka kiganja juu ya chuma, mahali pale pale pa Januari. Vuguvugu.

"Njoo weka wako," nikamwambia.

Aliweka, akauondoa kabla sijamaliza kusema, akautia chini ya kwapa. Mkono wangu bado uko pale juu. Mwanangu akaja akanishika kifundo cha mkono, akauondoa yeye.

Fundi alikunywa chai iliyobaki, akasema atarudi tukishaamua. Alituaga kwa adabu nyingi. Mwanangu akamtoa mpaka garini, mjukuu wangu akapanda juu. Nikabaki na mzee.

"Mzee."

"Naam."

"Rejeta siku ile ilikuwa ya moto."

"Najua."

"Unajua nini? Wewe mguu wako hausikii."

"Mguu hausikii. Mkono unasikia. Nilipotaka kuinuka niliishika, nikaiachia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iwe nini? Mguu upone upesi?"

Nikakaa karibu naye. Vidole vyangu nilivitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi ya ncha inang'aa, haina mistari, kama imepakwa gundi ikakauka. Miaka yote ile ya kuishika chapati kwenye chuma nilidhani ni ujuzi, kumbe nilikuwa najimaliza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua njia. Kwa mtoto nilitumia kiwiko. Kwa mume nilitumia kiganja, kwa kuwa nilikuwa na haraka na chapati.

"Na wewe," nikamwambia, "mkono ulikuwa nao, rejeta iko hapo ubavuni. Kwa nini uliniita mimi?"

Alifikiri. "Mkono wangu ulikuwa karibu kuliko wewe, ni kweli."

"Sasa?"

"Nimekuuliza mambo ya moto miaka hamsini na miwili. Nilisahau kama na mimi nina mkono."

Hajanirudia neno hilo mpaka leo.

Kesho yake nilimpigia mwanangu kazini. Nikamwambia amwite fundi alete mabomba. Akaniuliza nimefikirije, na mzee anataka sanduku. Nikamwambia sanduku lina mlango. Mlango utafunguliwa siku mtu ana soksi mbichi. Moto uko mle ndani mzima, unangoja mtu akosee kupima, na katika nyumba hii atakayeitwa kupima ni mimi, kwa sababu watu wamezoea hivyo na mimi nimezoea kuitika. Nataka maji ambayo hata nikikosea hayamchomi.

Kumwambia mzee ilikuwa kazi nyingine.

"Umenivunjia baraza," akasema.

"Nimekuvunjia godoro."

"Ni kitu kimoja."

"Mguu na godoro si kitu kimoja."

Alininunia siku tisa. Maneno yake yote yakapitia kwa mjukuu, aliyekuwa kwenye mapumziko ya chuo na akilifurahia jambo hilo kuliko inavyopasa.

"Mke wangu, mwambie mke mwenzio chai hii haina sukari."

"Bibi, anasema chai haina sukari."

"Mwambie mume wetu sukari ndiyo iliyotufikisha hapa."

Siku ya kumi alisahau kwamba amenuna, akaniuliza mwenyewe miwani yake iko wapi.

Kazi ilifanywa Juni. Tulihamia Malvern kwa binti yetu wiki tatu, na godoro tukaenda nalo, likabaki huko huko. Siku tuliyokuja kutazama, mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa zote na mabomba yamelala chini, yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, kama matuta ya mtu anayelima kwa mkono. Rejeta waliitoa wanaume wanne walioitwa na binti za fundi, nao wanne walipumzika mlangoni. Ukutani ilibaki alama ya rangi ya zamani, ya kijani, ambayo hakuna aliyejua kwamba chumba hicho kiliwahi kuwa nayo. Nilimuuliza fundi kuhusu mkeka. Akaushika, akautazama dhidi ya mwanga, mkeka wa ukindu mwembamba niliotoka nao nyumbani.

"Huu sawa," akasema. "Huu joto linapita. Mmoja tu, mama. Si mmoja juu ya mwingine."

"Mmoja."

"Nawajua watu wa Tanga. Mmoja."

Boila waliiwasha Oktoba, asubuhi. Adhuhuri sakafu bado baridi. Nikamwambia mkwe wangu fundi ametudanganya, amechukua chuma chetu akatuachia mabomba ya plastiki. Alasiri nikaona paka wa jirani, ambaye huingia atakavyo, amelala katikati ya chumba amejinyoosha. Nikapiga magoti. Kiganja nilikiweka mgongoni, nisije nikakitumia kwa mazoea. Nikaweka kiwiko. Halafu nikaondoa mswala, nikaswali juu ya mbao tupu, na niliposujudu ndipo nilipoipima sawasawa, kwa paji la uso, ambalo halijawahi kushika chapati. Haikuwa moto. Ilikuwa kama ukuta uliopigwa na jua la asubuhi, ukauegemea saa nne. Tangu siku hiyo sakafu naipima hivyo mara tano kwa siku, na mwanangu ameacha kuniuliza.

Lakini mzee hakushuka. Alikaa kwenye kiti dirishani wiki mbili, mikono juu ya magoti, viatu laini miguuni kama mgonjwa.

"Bado unamngojea daktari?" nikamuuliza.

Hakucheka.

Ijumaa ya tatu wenzake wakaja baada ya sala, watu wanne, wameganda masikio. Tulikuwa tumewapangia viti. Wa kwanza akaingia na soksi, akasimama, akatazama miguu yake.

"Hii nini tena?"

"Sakafu," mzee akamwambia kutoka kitini, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Ina joto."

Yule bwana akainama akaigusa. Akakaa chini hapo hapo, pasipo na mkeka wala mto, akanyoosha miguu. "Subhanallah," akasema. Wa pili akakaa. Wa tatu, ambaye mgongo unamsumbua, akajilaza kabisa chali, akafumba macho, akaomba asizungumzishwe. Viti vikabaki vitupu vimepangwa, na mzee wangu peke yake juu, kama mwalimu mbele ya watoto wa chuo cha Kurani. Wakawa wanazungumza huko chini, yeye anainamisha shingo kuwasikia. Nilikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nikamwona anavumilia kikombe cha kwanza. Cha pili hakukimaliza.

"Nishusheni," akasema.

"Umechoka na ufalme?" yule aliyelala akauliza, macho bado amefumba.

"Nishusheni, nyie."

Wawili wakamshika, mimi nikatandika ule mkeka mmoja, na akashuka. Alivua viatu. Akakunja miguu kama alivyokuwa akikunja siku zote, akajiweka sawa, akashika goti.

"Nakalia mifupa tupu," akasema. "Hapana hata godoro la kumkaribisha mtu." Lakini alisema huku akipitisha mkono sakafuni pembeni ya mkeka, mbele, nyuma. Waliondoka jua limeshainama, na walipoondoka hakutaka kuinuliwa.

Kila siku kabla ya Magharibi namtazama miguu. Daktari alitufundisha: nyayo, visigino, katikati ya vidole, kimoja kimoja. Nilikuwa nikipapasa. Sasa nawasha taa, navaa miwani, natazama kwa macho. Siku ile nikauinua mguu wa kulia. Kisigino safi, kovu limekuwa jeupe. Nikaugeuza ubavuni, na nikaona mistari. Mistari myekundu, mingi, imepita toka kifundo mpaka karibu na kidole kidogo.

Sikupiga kelele. Niliushika tu mguu mapajani mwangu, nikaita juu. Mjukuu wangu akashuka ngazi mbili mbili.

"Weka mkono wako hapa," nikamwambia. "Wangu hauna maana. Pana moto?"

Mzee akaniangalia mimi, si mguu.

Mjukuu akaweka nyuma ya mkono wake, akautuliza hapo muda mrefu. "Si moto, Bibi. Ni kama mguu mwingine." Akaleta simu yake, akamulika. Akainama karibu, akafuata mstari mmoja kwa ukucha bila kugusa, halafu mwingine uliokatiza juu yake. Akamulika mkeka pale mzee alipokuwa amekunjia mguu. Akaanza kucheka, akasema kitu kwa Kiingereza, akarudi kwenye Kiswahili.

"Bibi, tazama. Ni mkeka. Umechapa."

Nikasogea. Ukili wa mkeka unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na mguuni ulikuwa hivyo hivyo, umejichora kama muhuri. Hata pale nilipowahi kuushona mkeka kwa uzi, uzi ulikuwa umejichora.

"Mama yako akirudi," nikamwambia, "atasema babu yako asikunje miguu muda mrefu hivyo."

"Atasema," mjukuu akakubali.

"Nitasema nimesikia," mzee akasema.

Nikaubakisha mguu mapajani. Tukakaa watatu, taa imewaka, tunatazama. Mistari ilianza kufifia kwenye kifundo, ikaja chini polepole, ngozi inarudi rangi yake. Wa mwisho kuondoka ulikuwa ule wa karibu na kidole kidogo. Mzee akauliza kama sasa anaweza kuuteremsha.

Nikamwambia bado.